Frédéric na Wimbo wa Sauti Nne

Simu ya Bernardine ililia asubuhi, naye akajua ni Frédéric kabla hajafuta mikono. Mdogo wake alikuwa amemtungia mlio wa peke yake, usiofanana na mwingine wowote katika mtaa wa Songo, mjini Uvira: noti chache zinazopanda mbiombio kama mtu anayekwea kilima, kisha moja inayotua polepole, kana kwamba mtu huyo amefika juu na kuketi. Bernardine alikuwa mlangoni akichambua ndagala. Aliiacha simu ilie kidogo zaidi ya ilivyolazimu, kwa sababu aliupenda ule mlio, ndipo akaishika kwa vidole viwili isinuke samaki.

"Sema, mwana wa mama."

Upande wa pili alisikia upepo, kisha lori likipita. Kisha ikaja sauti ambayo haikuwa ya Frédéric.

"Yaya Bernardine, ni minye Norbert. Uko na muntu pembeni yako?"

"Simu ya Frédéric inafanya nini kwako?"

"Ikala kwanza, yaya."

"Nimeikala. Sema."

Hakuwa ameketi. Norbert alikuwa dereva wa pikipiki wa kule Luberizi, rafiki wa Frédéric wa miaka mingi, na ndiye aliyempakia alfajiri ile kwenda kutengeneza bafle, yaani spika, za kanisa. Frédéric alikuwa fundi wa redio. Kitu chochote chenye waya na sauti kikiharibika kati ya Uvira na Luberizi, aliitwa yeye.

"Alikuwa anafunga waya ya mwisho," Norbert alisema. "Akaniambia, Norbert, kifua kinanibana. Akaikala ku benchi ya mbele, pale wanaikalaka watoto wa komunyo. Tumekimbia naye ku santé, kwa munganga. Lakini Bwana alikuwa ameisha kumuita, yaya. Amemuita ndani ya nyumba yake mwenyewe."

Bernardine alimshukuru Norbert. Akafunika ndagala kwa kipande cha neti ili nzi wasizifikie, akasogeza ndoo ukutani, akafunga kilemba vizuri kama anayekwenda sokoni. Ndipo akaketi palepale alipoambiwa aketi tangu mwanzo.

Kufikia mchana mikeka ilikuwa imejaa kwenye uwanja wa Amandine, mke wa Frédéric, ng'ambo tu ya barabara. Mwili ulikuwa umeletwa hospitalini Uvira, na wazee walikuwa wameamua kwamba mazishi yafanyike kesho yake kijijini Sange, kando ya kaburi la mama yao.

Wa kwanza kufika kutoka Sange alikuwa Émérance, mdogo wa marehemu mama yao. Ni mwanamke mfupi mwenye viganja vipana, na alishuka kwenye taksi-basi akiwa na gunia dogo la mchele kichwani na ungo juu ya gunia. Alilia kwanza, akalia mpaka akatosheka, kisha akajifuta uso na kuanza kupanga mambo, maana mtu wa kupanga mambo hakuwepo.

Katika ukoo wao nyumba iliyofiwa haipigi kelele. Tangu redio ya kwanza ilipoingia kwa babu yao, desturi yao ilikuwa hii: mtu akifariki, mawe ya redio, ndivyo tunavyoita betri, hutolewa yote na kuanikwa juani kwenye sinia, ili vyombo vifunge mdomo mpaka marehemu alazwe kaburini. Émérance aliingia chumbani kwa Frédéric na kisu kidogo. Vyombo vya fundi ni vingi. Alivifungua kimoja kimoja, akisali Salamu Maria kwa sauti ya chini: redio, tochi, saa ya ukutani. Chini ya mto wa kitanda alikuta kamashini ka kijivu. Akatoa mawe yake makubwa, na alipoona kuna jingine dogo ndani, bapa kama sarafu, akalikong'oa nalo kwa ncha ya kisu. Bernardine alimwona akitoka na sinia limejaa na kulitua kwenye jua. Hakuwaza lolote. Ndivyo walivyofanya baba yao alipofariki.

Hako kamashini ka kijivu lazima kaelezwe, kwa sababu maisha ya Frédéric yalikuwa humo.

Alikapata akiwa kijana, amemaliza shule ya sekondari, diploma iko ndani ya bahasha na kazi haionekani. Alikuwa akishinda kwenye duka la baba wa rafiki yake Sumaili, karibu na soko, ambako vyombo vilivyotumika viliteremshwa kutoka kwenye meli za Kigoma: pasi, feni, redio zisizosema. Frédéric alizitengeneza, Sumaili alizipigia kelele za kuziuza. Siku moja, katikati ya pasi, kakatokea kamashini ka mchezo ka kushika mkononi, kana kioo kidogo kama kipande cha sabuni. Ndani kulikuwa na mchezo mmoja: kijitu kinakimbia na kuruka mashimo. Sumaili alitazama rafiki yake akicheza, akashangaa. Kila alipokaribia kumaliza hatua ya kwanza, Frédéric alikiacha kijitu kianguke shimoni makusudi, ili aanze upya.

"Weye njo muntu wa kwanza mu Uvira kupata mchezo na kukataa kushinda," Sumaili alimwambia.

"Nikishinda wanabadilisha muziki," Frédéric alijibu.

Alikuwa anasikiliza. Alisikiliza wiki nzima, kisha akamweleza Sumaili alichogundua. Kamashini kana sauti nne tu, hakuna ya tano. Mbili zinaimba, moja inaunguruma chini, na ya nne haina noti kabisa, inachakacha tu. Kwa hizo nne, mtu fulani wa mbali alikuwa ametengeneza muziki wa kumfanya Frédéric wa Sange akatae kushinda. "Hawakumupa nyingi," alisema. "Ine tu. Lakini sikia."

Binamu wa Sumaili aliyekuwa Ubelgiji ndiye aliyewatumia kaseti nyingine ya kuchomeka humo, isiyokuwa na mchezo ndani. Ukiiwasha unapata ukurasa mtupu, nawe unaandika noti kwa vidole gumba. Kuanzia siku hiyo hadi siku ya benchi la Luberizi, Frédéric hakuuacha ukurasa huo. Alioa, akapata watoto, nywele zikaanza kuwa na mvi pembeni, na bado jioni ungemkuta kwenye ngazi ya nyumba, vidole gumba vikitembea, bip, bip, mpaka Amandine aseme chakula kinapoa.

Vijana wa mjini walifungua studio zenye kompyuta. Walimwita awasaidie, na walimtaka abaki. Aliwatengenezea waya zao, akaaga.

"Kule iko sauti mia," alimwambia Bernardine. "Minye bado sijamaliza ine."

Hakuwa peke yake, na hilo ndilo watu wengi hawakujua. Simu ndogo za vitufe wakati ule zilikuwa na sauti moja moja, na Frédéric alijua kuziandikia mlio noti kwa noti. Basi aliugawa muziki wake. Sauti ya kwanza aliitia katika simu ya Sumaili. Ya pili akampa Norbert. Ile ya chini akampa Chadia, dadake Sumaili, anayeuza vocha za simu kule bandarini Kalundu. Ya nne haikuingia kwenye simu yoyote, maana simu inajua noti, haijui mchakacho. Hiyo ilibaki katika kamashini, mkononi mwa Frédéric. Jumapili, Wakatoliki wakishatoka misa na Waislamu wakishaswali adhuhuri, wanne hao walikutana nyuma ya duka. Kila mmoja alisimamisha simu yake ndani ya kikombe cha bati ili sauti ivimbe. Frédéric aliinua nyusi, wakabonyeza pamoja.

Wapita njia waliwacheka. "Batu wazima munacheza na masimu?"

"Tunacheza," Chadia alijibu. "Weye unatembea na yako ya bei, na haijue kuimba."

Simu zilikufa, zikaibiwa, zikaangukia ziwani. Kila mara Frédéric aliketi na kuandika upya noti za mwenzake, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Mto Mulongwe ulipofurika na kubeba nyumba za watu, walikutana juu, kwenye uwanja wa jirani. Mwaka ambao watu wa Uvira walikimbia vita kuelekea mpakani, Norbert na Chadia walikuwa ng'ambo, Burundi, na Frédéric na Sumaili kijijini. Waliporudi, Jumapili ya kwanza vikombe vya bati vilikuwa mezani. Amandine alikuwa akisimulia habari ya siku ile ya kukimbia kila alipopata mgeni: "Batu walibeba magodoro. Mume wangu alibeba bip bip, minye njo nikabeba sufuria. Tumefika, tukapika sufuria tupu, naye akatupigia muziki."

Wimbo aliouthamini kuliko zote aliuita Mavuno. Aliutunga kwa ajili ya mama yao, mkulima wa mpunga wa Sange, na hakuwahi kusema umekwisha. Kila mwaka aliongeza kitu au kupunguza. Hakukubali urekodiwe, maana kitu kisichokwisha, alisema, hakipigwi picha. Mwaka wa mwisho wa uhai wa mama, yeye na wenzake watatu walikwenda Sange wakampigia uwanjani. Mama alikuwa mgonjwa, amefunikwa kitenge. Wimbo ulipoanza alicheka, akaanza kuchezesha viganja juu ya magoti. Walidhani anacheza ngoma. Bernardine alimshukuru Mungu siku ile kwa kumpa mama yake kicheko kimoja zaidi, na hakuuliza zaidi.

Na wakati wa Pasaka iliyopita, kifua cha Frédéric kilipoanza kumsumbua, alimwambia dada yake neno. Walikuwa wanamenya mihogo.

"Yaya, siku yangu ikifika, kwaya yenu iimbe yote yenye inaimbaka. Lakini padri akiisha kubariki, munipigie Mavuno."

"Acha ujinga. Menya muhogo."

"Sauti zote ine. Ukiniweka mu udongo na sauti tatu, nitarudi kukusumbua."

"Utakuta nimefunga mulango."

"Apa, yaya."

Alimtazama, akaona kwamba chini ya mzaha hakuna mzaha. Akaishika rozari iliyokuwa shingoni, akaapa.

Kiapo hicho ndicho Bernardine alichokuwa amekalia pale mkekani, siku ya msiba, wakati Sumaili alipoingia uwanjani baada ya sala ya alasiri. Alikuwa amevaa kofia safi nyeupe. Chadia alikuwa nyuma yake, na Norbert, aliyekuwa hajabadili shati tangu asubuhi. Walitoa pole kwa wazee, wakampa Amandine mkono, kisha Sumaili akachutama mbele ya Bernardine.

"Yaya, tumekuya kuchukua kamashini. Tupime sauti leo, kesho isitupe shida."

Bernardine alikaleta. Émérance, aliyependa kusaidia, akaleta sinia la mawe. Sumaili alichagua makubwa, akayapachika. Kisha mkono wake ukasimama. Alikuwa ameliona lile dogo, bapa kama sarafu, liking'aa juani kati ya mengine.

"Nani alitoa hii kadogo?"

"Ni minye," Émérance alisema. "Nimetoa yote."

Sumaili alilirudisha mahali pake polepole, kama mtu anayemrudisha kifaranga chini ya mama yake. Akawasha. Kioo kiliwaka, ukurasa ukatokea. Ulikuwa mtupu. Akazima, akawasha tena. Akampa Chadia, Chadia akampa Norbert, kana kwamba mkono mwingine ungekuta kitu kingine.

"Mama mudogo," Sumaili alisema, na alisema kwa upole sana, "haya makubwa yanaleta mwanga tu. Hii kadogo njo inashikaka nyimbo. Ikitoka, nyimbo zinaenda."

"Zinaenda wapi?"

"Haziendi pahali, mama. Zinaisha."

Émérance alitazama sinia, akatazama viganja vyake.

"Basi minye nimemuzika mbele yenu," alisema. "Munachimba kesho, minye nimechimba leo."

Neno kali lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Bernardine. Angelisema, hakuna aliyekuwa na haki ya kumlaumu. Lakini alikuwa akitazama vile viganja, vipana kama vya mama. Akamshika mkono, akamketisha mkekani, akamnywesha maji kwa kikombe alichokuwa anakunywea mwenyewe.

"Ulifanya yenye tunafanyaka, Mama mudogo. Frédéric mwenyewe aliweka mawe ya baba juani. Hapana kosa."

Wale wanne waliobaki na deni la wimbo walikwenda nyuma ya nyumba. Vikombe vikasimamishwa, simu zikatiwa. Hapakuwa na nyusi za kuinuliwa, basi Norbert akakohoa na wakabonyeza. Sauti tatu zikatoka, kila moja ikijua njia yake, na bado wimbo haukusimama.

"Iko sawa nyumba ya miti yenye hawajapaka udongo," Chadia alisema. "Unaiona, lakini upepo unapita."

"Tupige vile vile," Norbert alisema. "Atatuhurumia."

"Niliapa ine," Bernardine alisema.

Chadia alitikisa maharage kwenye kopo. Yalisikika kama maharage kwenye kopo. Sumaili akajaribu kwa mdomo, shii, shii, mpaka mate yakaruka.

"Acha, kaka," dada yake akamwambia. "Marehemu ataamuka kwa haya."

Wakacheka, wote wanne, wamejishika mbavu, na kicheko kikageuka kilio bila mtu kuona kilipogeukia. Giza lilipoingia waliungana na wengine katika rozari, Waislamu wawili wakikaa kimya kwa heshima ukutani.

Kulipopambazuka Bernardine alikuwa bado mkekani na rozari mkononi. Hakuwa anasali vizuri. Alikuwa anamwomba Mungu amsamehe kiapo ambacho hangeweza kukitimiza, na katikati ya maombi hayo alisikia kitu nyuma ya jiko. Shaa. Shaa. Kisha mchakacho mfupi wa kwenda upande, kama mtu anayefuta meza, kisha mrusho mmoja mdogo. Kisha tena: shaa, shaa, mchakacho, mrusho.

Kidole chake kilisimama juu ya punje ya rozari.

Alinyanyuka. Émérance alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu imenyooshwa, anapepeta mchele aliokuja nao, ili wapishi watakapowapikia waombolezaji usiwe na pumba. Ungo uliruka mara mbili kwa urefu, ukayumba, ukaruka kidogo, pumba zikavuka ukingo na kuanguka nje. Bernardine alikuwa ameisikia sauti hiyo kila jioni ya utoto wake, nyuma ya nyumba ya Sange, yeye na Frédéric wakiwa wamelala chali kwenye nyasi wakingoja wali. Halafu alikuwa ameisikia kwa miaka ishirini ikitoka kwenye kamashini, na hakuitambua.

"Endelea, Mama mudogo."

Émérance alishtuka, ungo ukasimama. "Nimekosa tena nini?"

"Hapana. Pepeta tu. Usisimame."

Akakimbia kuwaamsha wale watatu waliolala ukumbini na mkekani kama waombolezaji wengine. Walikuja macho hayajafunguka, simu mikononi. Bernardine aliwaonyesha kidole tu. Norbert ndiye aliyeelewa kwanza. Alichukua kikombe, akakisimamisha kwenye udongo karibu na kigoda, na wenzake wakafanya vivyo hivyo. Wakangoja ungo urudi mwanzo wa zamu yake. Shaa. Wakabonyeza.

Wimbo ukasimama. Udongo ulikuwa umepakwa, upepo haukupita tena.

Walipomaliza, Bernardine akauliza, "Nani alikufundisha kupepeta?"

"Mama yenu. Nani mwingine? Alikuwa ananipiga ku mikono mpaka nikashika mwendo wake. Anasema mchele wa nyumba yetu hauwezi kurushwa ovyo."

Bernardine aliviona tena viganja vya mama juu ya magoti, chini ya kitenge. Mama hakuwa anacheza ngoma. Alikuwa anapepeta. Aliusikia ungo wake ndani ya wimbo wa mwanawe, na ni yeye peke yake pale uwanjani aliyejua.

"Miaka yote hii," Sumaili alisema, "nilizania ile ni kelele ya mashini."

"Kumbe alikuwa anatembea na mama yake mufukoni," Chadia alisema.

Émérance alipoelezwa analoombwa, alikataa. "Kupepeta ku makaburi? Batu wa Sange watasema wazimu umenipanda."

"Waseme," Bernardine alimjibu. "Jana ulisema umemuzika mbele yetu. Leo utamuzika pamoja na siye."

Émérance akauinua ungo, akaukung'uta pumba zilizobaki, akauweka kwapani.

Walitoka Songo kabla jua halijawa kali, jeneza katika gari la parokia, watu katika taksi-basi mbili na pikipiki za rafiki zake Norbert mbele na nyuma. Njiani, Kiliba na mbele yake, watu walisimama kando ya barabara na kuvua kofia. Bernardine alikuwa amekaa karibu na jeneza. Alimshukuru Mungu kwa mambo aliyoweza kuyakumbuka, moja baada ya jingine: kwa meli iliyoleta sanduku la pasi, kwa binamu wa Ubelgiji ambaye hakuwahi kumwona, kwa Chadia kuwacheka wale waliocheka, kwa Amandine aliyebeba sufuria. Alishukuru kwamba Bwana alimpa mdogo wake sauti nne na moyo wa kutosheka nazo. Alimshukuru pia kwa Émérance, na hapo alikawia.

Misa ilisomwa katika kanisa dogo la Sange. Kabla ya kwenda makaburini Bernardine alimfuata padri kwenye mlango wa sakristia na kumweleza.

"Simu, mama?" padri aliuliza.

"Simu tatu na ungo, padri."

Padri alifikiri. "Mimi nitabariki," alisema. "Baada ya baraka familia iko na neno lake. Sitauliza neno hilo liko na sura gani."

Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya kaburi la mama, kwenye ardhi ya ukoo, mashamba ya mpunga yakianza hatua chache chini yake. Kwaya iliimba, na Bernardine aliimba ndani yake, upande wa alto kama siku zote. Padri alinyunyizia jeneza maji, akasali, watu wakaitikia Amina. Jeneza likashushwa kwa kamba.

Ndipo Sumaili, Norbert na Chadia wakasogea. Waliweka vikombe vya bati kwenye udongo uliochimbuliwa. Émérance aliketi kwenye kigoda walichomletea, akamiminiwa mchele kwenye ungo. Watu wa Sange walitazamana, na mzee mmoja akaanza kuuliza kitu, akanyamazishwa. Émérance akaanza. Shaa, shaa. Simu zikaingia.

Wanawake wa Sange walitambua mara moja. Bernardine aliona vichwa vyao vikiitikia polepole, mmoja baada ya mwingine, kwa mwendo wa ungo. Upepo wa bonde ulichukua pumba chache na kuziangusha kaburini. Hakuna aliyezizuia.

Wimbo haukuwa na mwisho, kwa sababu Frédéric hakuwa ameumaliza. Simu ya Norbert ilikoma, kisha ya Sumaili, kisha ile ya chini ya Chadia. Ungo uliendelea peke yake zamu mbili, kisha Émérance akauweka magotini.

Amandine alitupa udongo wa kwanza, akafuata Bernardine, wakafuata wengine. Wanaume walishika makoleo wakajaza. Msalaba wa mbao ukasimamishwa, ukiwa na jina lake, Ngendakumana Frédéric. Watu walinawa mikono kwenye beseni lililowekwa njiani, wakarudi nyumbani kwa Émérance. Mchele ule wa kwenye ungo ulipikwa pamoja na mwingine, nao wakala.